Kutazama si Kuona



Limeletwa katika darasa yetu suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa. Kijana wa kwetu pwani, aliyekwenda bara kutafuta riziki, anafanya kazi ya kuandika mabango ya maduka huko Kimbo, mtaa wa Ruiru ulio kando ya barabara kuu iendayo Thika. Mchana huandika jina la duka la nyama na la kinyozi. Jioni, akisha kusali, huchora picha zake mwenyewe. Hachori wafalme wala hachori simba. Huchora jiko la makaa, birika lililoingia moshi, ndoo, viatu vilivyokwisha visigino, na mkebe mkuukuu wa mafuta ya kupikia uliogeuzwa chungu cha mche. Na mkebe huo, kama wakumbukavyo wasomaji wetu wa makamo, ulikuwa na jina lile lile la mtaa: Kimbo.

Jamaa zake wamemkabili kwa maneno mawili. Wako wasemao kuwa kazi hiyo ni haramu. Na wako wasemao kuwa si haramu bali ni upuuzi, kwani mtu mwenye akili hatumii rangi ya fedha kuchora mkebe usio na bei. Lakini yeye mwenyewe analo suala la tatu, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi: fikra ya picha hutoka wapi? Ikiwa yatoka kwake, je, hajifanyi muumba? Na ikiwa haitoki kwake, basi kazi yake ni ipi?

Twapenda kuyajibu masuala haya kwa utaratibu, kwa kuwa hayamhusu mchoraji peke yake. Yamhusu kila mwenye macho.

Tuanze na sharia. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na hadithi zilizopokewa katika kuwakemea watengenezaji wa sanamu ni sahihi, wala hatukusudii kuzipitia kando. Lakini katika Bukhari na Muslim imepokewa pia kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi nao yeye na babake, akamweleza kwamba maisha yake yategemea kazi ya mikono ya kufanya picha. Ibn Abbas alimsikizisha onyo la Mtume, rehema na amani zimshukie. Na alipoona uso wa yule mtu umegeuka kwa khofu, hakumfukuza wala hakumwacha bila ya mlango. Alimwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho.

Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1899 hata alipofariki mwaka 1905, alikwenda mbele zaidi ya hapo. Alizuru Sicily mwaka 1903, akaona jinsi watu wa huko walivyohifadhi michoro ya kale. Kisha makala yake yakatoka katika jarida la al-Manar, lililokuwa likitolewa na mwanafunzi wake Rashid Rida. Rai yake ni kuwa mchoro huhifadhi hali za watu kama vile mashairi yahifadhivyo maneno yao, na kwamba makatazo yalielekea kwenye kuabudu na kutukuza kusikostahiki. Wako waliomkubali na wako waliomkataa, na kila kundi lina hoja zake. Sisi leo hatuna haja ya kuingia katika vita hivyo. Birika halina roho. Mkebe hauna roho. Mwenye kuchora vyombo vya jikoni amesimama mahali ambapo hata wakali hawana la kumshika.

Basi limebaki neno la upuuzi, na hili twaliona ni zito zaidi kuliko la kwanza.

Tutazame kwanza maisha ya huo mkebe. Mafuta yale yalipokuwa yakiuzwa katika mikebe ya bati, mkebe haukuwa ukitupwa. Ulikuwa kipimo cha unga na maharage. Ulikuwa kopo la kuogea. Ulipandwa maua ukawekwa barazani. Fundi wa bati aliukata, akautia utambi, ukawa kibatari, ambacho watu wa bara hukiita koroboi. Na watoto wangapi walisoma kwa mwanga wake hata wakawa watu wakubwa! Kitu kilichopita katika mikono ya mama, ya fundi na ya mwanafunzi, twawezaje kusema kuwa hakina habari ndani yake? Kina habari nyingi. Illa hakuna aliyeitazama.

Na sababu ya kutotazama ni mazoea. Kitu tukionacho kila siku hatukioni. Mtu aweza kukaa miaka thelathini katika nyumba asiweze kukuambia vidaka vya ukutani ni vingapi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nasi kwa adabu yote twasema kuwa katika jambo hili mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa, kwani kipofu ana udhuru.

Mwanachuoni wa Kiislamu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na akafanya kazi kubwa mjini Cairo, aliliona jambo hili kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, alieleza kuwa jicho hupokea nuru itokayo kwenye vitu, wala si jicho litoalo nuru kama walivyodhani wengi kabla yake. Lakini hakuishia hapo. Alipambanua kuona kwa mtupo wa jicho na kuona kwa mazingatio. Kwa mtupo wa jicho, nafsi hukitambua kitu upesi kwa alama chache inazozijua tangu zamani, kisha huenda zake. Kwa mazingatio, jicho hukipitia kitu sehemu baada ya sehemu, na akili hupima na kulinganisha, hata sura yake ikathibitika moyoni. Basi sisi tulio wengi twaishi kwa mtupo wa jicho. Twaona alama, twasema "mkebe", tumekwisha. Mchoraji hawezi kuishi hivyo, kwa sababu neno "mkebe" halimsaidii kitu anapotia brashi katika rangi.

Ajabu ya kazi hii haionekani mpaka mtu auweke mkebe mezani na ajaribu. La kwanza atakaloliona ni kuwa akili yake yamdanganya. Akili yasema mdomo wa mkebe ni duara, kwa kuwa yajua hivyo. Lakini kutoka alipokaa, mdomo ule umelala kama yai, na akiinuka kidogo yai lile lapanuka. La pili ni kivuli. Sote twasema kivuli ni cheusi. Akitazama sana ataona kuwa si cheusi: kimechukua rangi ya meza na kimeazima kidogo rangi ya ukuta. La tatu ni kutu, ambayo kwa mbali ni doa moja, na kwa karibu ni rangi nne au tano. La nne ni wakati: mkebe wa saa moja asubuhi si mkebe wa adhuhuri, kwani jua limehama. Basi huchora akafuta, huchora tena. Huacha mengi asiyoyahitaji ili lile moja alilolikusudia lionekane. Siku nyengine hufanya kazi tangu magharibi hata usiku mkuu asipate kitu. Na siku nyengine, akiwa yumo njiani kwenda zake, yamjia ghafula yale aliyoyatafuta. Watu husema: amepata ilhamu. Ni kweli ameipata. Lakini ilimjia aliyekuwa akiitafuta.

Ilhamu ni riziki, na hukumu yake ni hukumu ya riziki. Mvuvi haumbi samaki. Lakini asiyetega dema hali samaki, hata akiomba usiku kucha. Na atakayetega dema akarudi mikono mitupu hana ruhusa ya kuiba dema la mwenziwe. Atatega tena kesho.

Tuna mashahidi wa maneno haya, nao ni watu wanaojulikana.

Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Babake alikuwa na chuo cha Kurani, na hapo ndipo mtoto alipojifunza kuandika na kupamba herufi juu ya ubao. Alipokuwa mtu mzima alikwenda London kusoma uchoraji katika chuo cha Slade, akarejea kwao mwaka 1957 na elimu nyingi. Akawaonyesha watu wa Khartoum kazi zake; nao hawakuvutika. Mtu mwengine angewatukana kuwa ni wajinga. Yeye aliuliza kwa nini. Akaanza kuzunguka nchi yake, akitazama vile watu wenyewe walivyovipenda hata wakaviweka majumbani mwao: mikeka na misala, vyombo vilivyonakshiwa, na maandishi ya Kiarabu ukutani. Vitu hivyo alikuwa amevikuta tangu utoto, lakini hakuwa amevitazama. Kazi yake yote iliyompa jina ilitoka humo. Mwaka 1975 alitiwa gerezani Khartoum pasina kushitakiwa, na wafungwa walikatazwa kuwa na karatasi na kalamu. Akachora kwa siri juu ya vipande vya karatasi alivyovipata, kisha akavifukia mchangani ili askari wasivione. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za umri wake wote, heshima ambayo hakuwa amepewa Mwafrika kabla yake. Lakini sisi twaona daraja yake kubwa ilikuwa pale gerezani, alipokuwa hana kitu, akatosheka na kipande cha karatasi.

Na karibu na Kimbo pia wako. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, kijijini Nyathuna, alizaliwa mwaka 1954 mchoraji ajulikanaye kwa jina la Sane Wadu. Alikuwa mwalimu wa shule, akaiacha kazi hiyo katika miaka ya 1980 ili achore. Hakuwa na vitambaa vya wachoraji. Alipaka rangi nguo zake mwenyewe akazivaa. Majirani wakasema ameingia wazimu. Naye akachukua jina la Sane, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwenye akili timamu. Alichora ng'ombe, watu wa kijijini na mambo ya kila siku ya mashamba yale, na leo wachoraji wengi wa Kenya humhesabu kuwa ni mmoja wa waliowafungulia njia.

Na ukiutaka mfano wa mbali zaidi, yuko Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, aliyefariki mwaka 1964. Kwa miaka mingi alichora chupa, magudulia na mikebe ile ile, katika chumba kidogo cha nyumba aliyokaa na dada zake. Hakuhitaji kusafiri. Kila akivipanga upya vyombo vyake aliona jambo asilolijua jana.

Sasa tuje kwenye lile ambalo kwetu ndilo shina la maneno yote. Wasomaji wetu wajua kuwa hatuchoki kulaumu taqlidi, yaani mtu kufuata kauli ya mwenziwe bila ya kutazama dalili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwaamsha watu wa pwani kwa wito wa namna hiyo. Basi taqlidi haimo katika vitabu tu. Imo katika macho. Mchoraji anayechora simba kwa kuwa alimwona katika picha ya mwengine, na yule mwengine naye alimwona katika picha ya mwengine, huyo ni muqallidi wa rangi. Elimo Njau, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1932, akasoma Makerere, kisha akawa miongoni mwa walioasisi nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alilipigania neno hili maisha yake yote: mchoraji asiige. Yeye mwenyewe, alipotakiwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuchora katika kuta za kanisa la Murang'a, aliacha sura za Kizungu zilizozoeleka katika vitabu, akatia vilima na watu wa nchi ile ile. Mambo ya dini yao ni yao. Lililo la kuzingatiwa kwetu ni kuwa alitazama alipo.

Na yako mazingatio katika kisa cha Edward Saidi Tingatinga. Alitoka kusini mwa Tanzania, akafanya vibarua vingi, na mwaka 1968 akaanza kuchora Dar es Salaam. Hakuwa na rangi za madukani za wachoraji. Alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Alipatikana na mauti mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa ni mhalifu, baada ya miaka minne tu ya kazi. Walioifuata njia yake ni wengi mno, na miongoni mwao wako waliozidisha kwa macho yao wenyewe. Lakini wako pia waliotosheka na kunakili chui yule yule na ndege yule yule kwa ajili ya wageni. Yeye alianza na alichonacho mkononi; wao walianza na alichokwisha kukifanya yeye. Rangi ni moja, lakini vitendo viwili hivi ni mbali.

Hapa msomaji aweza kutupinga kwa haki. Atasema: je, mafundi wetu wa milango wa Lamu na Unguja hawakufuata nakshi za baba zao? Na mama anayeshona kofia ya vito, au anayesuka mkeka, hafuati mitindo aliyorithi? Je, hao nao ni watu wa taqlidi? Twajibu: la. Kumfuata mwalimu si aibu; hakuna aliyezaliwa anajua. Taqlidi yenye kulaumiwa ni kuacha kutazama. Fundi wa mlango hufuata nakshi ya babake, lakini mti alio nao mbele yake haukuwahi kuchongwa na babake. Lazima autazame unavyokwenda nyuzi zake, ajue wapi tindo itapita na wapi utapasuka. Mama wa mkeka hutazama ukili wake na rangi ilivyokolea. Urithi walionao umewaongezea macho, haukuwapofua. Basi kipimo chetu si jambo kuwa jipya au la kale. Kipimo ni: je, mwenye kulifanya aliona, au alikariri?

Turudi kwenye suala la kijana juu ya kujifanya muumba. Sisi twaona kuwa mwenye kutazama hivi ndiye aliye mbali zaidi na kiburi hicho. Kurani imewapa changamoto wenye kuabudiwa badala ya Mungu kuwa hawawezi kuumba hata nzi, wajapokusanyika wote. Mchoraji mkweli ayajua maneno haya kwa mikono yake. Ameshindwa na mkebe! Amekaa nao siku saba, na bado mng'aro ule mdogo ulio mdomoni mwake umemkimbia. Atadai vipi kuwa ameumba? Nuru si yake, bati si lake, na jicho amepewa. Lililo lake ni mawili tu: subira na ukweli. Subira ya kukaa mpaka aone, na ukweli wa kutotia asichokiona. Basi yeye ni shahidi, na shahidi hulipwa kwa uaminifu wake.

Wala vitu vidogo si haya kushuhudiwa. Kurani yenyewe imetaja kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano wa mbu. Imepiga mfano wa buibui na nyumba yake. Imetuamuru tumtazame ngamia alivyoumbwa, naye alikuwa mnyama wa kila siku kwa wale walioambiwa. Na nuru tukufu imepigiwa mfano wa taa iliyo ndani ya kidaka. Kidaka! Kitu ambacho kila nyumba ya zamani ya mji wetu inacho. Ikiwa maneno matukufu kuliko yote hayakuvidharau vitu vya nyumbani, sisi ni nani hata tuvidharau?

Hata hivyo kuna jambo moja la kumwonya kijana wetu na wenziwe. Mkebe una mwenyewe. Katika mitaa kama Kimbo watu wengi wanapanga vyumba na wanahesabu senti zao. Mchoraji akilichora jiko la jirani aliyefilisika, akaitia rangi nzuri dhiki ya mtu, kisha akaiuza kwa matajiri wasiomjua, ajiulize: je, alimtaka idhini? Je, picha imemheshimu mwenye jiko, au imemfanya tamasha? Twasema hivi kwa sababu macho ni amana. Aliyejifunza kuona kutu za mkebe, asipoona huzuni ya mwenye mkebe, basi elimu yake imemfikisha nusu ya njia. Na sisi tulio wengine tusicheke, kwani zama hizi kila mmoja ana maelfu ya picha katika simu yake, na huenda tangu jana hakumtazama mamake usoni.

Basi jawabu letu kwa jamaa za kijana ni kuwa mwacheni achore, na mwulizeni aonacho. Na kwa watu wa mji wetu twasema: mtoto akichora ukutani kwa kipande cha makaa, msikimbilie kumpiga. Mpeni karatasi, mkalisheni mbele ya mtungi au mbuzi ya kukunia nazi, mwambieni atazame kwanza, kisha achore, kisha atazame tena. Huenda asiwe mchoraji. Lakini atakuwa mtu asiyeamini jambo kabla ya kulitazama, asiyemdharau mtu kwa nguo zake, na asiyepita mbele ya neema bila ya kuijua. Umma wetu una haja kubwa ya watu wa namna hiyo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.